Ukuta Si Kazi, Kazi ni Mlango

Agosti 2016 nilikaa mbele ya mlango mmoja Nairobi siku nyingi kuliko nilivyowahi kukaa mbele ya mlango wowote. Hospitali siitaji. Shule zilikuwa zimefungwa, na mimi ndiye mtu pekee wa familia ambaye hakuwa na kazi ya kuacha, kwa hivyo nikatumwa kumsindikiza Shangazi. Alikuwa ametoka Endebess, karibu kilomita 400, na barua ya rufaa imekunjwa mara nne ndani ya leso, pamoja na pesa za matatu.

Mlango wenyewe ulikuwa mpana kuliko wa lori. Juu yake taa nyekundu. Ulifunguka polepole hadi ukadhani umeharibika, na ulipofunga hukusikia kishindo, ulisikia tu mguno kama wa mtu mzito anayeketi. Shangazi aliingia na wataalamu wawili. Baada ya dakika chache wale wawili wakatoka, wakitembea haraka. Mlango ukafunga. Taa ikawaka. Yeye akabaki ndani.

Alipotoka nikamuuliza aliumia. Akasema hapana, haukuwa na maumivu yoyote. Kisha akasema, "Lakini wamenifungia na kitu ambacho wao wenyewe wanakikimbia."

Sikuwa na jibu. Baadaye nilisoma fizikia chuoni miaka miwili kabla karo haijanishinda, na nadhani sehemu ya sababu ya kuichagua ilikuwa ile sentensi. Haya ndiyo ningemwambia kwenye lile benchi kama ningeyajua.

Lakini tuanze na aliyoyajua yeye, maana alijua mengi kuhusu milango. Endebess iko miguuni pa Mlima Elgon. Ukipita mji, barabara inakupeleka lango la Chorlim, na ndani ya mbuga kuna mapango ambayo watoto wa shule za huku hupelekwa kutalii hadi wanachoka: Kitum, Makingeny, Chepnyalil. Kitum linaingia mlimani kama mita 200. Ndovu huingia humo gizani usiku, wakipapasa njia kwa mkonga, wakachimba ukuta kwa pembe na kula chumvi iliyo kwenye mwamba. Joseph Thomson, yule Mskoti aliyepita huku mwaka 1883, alipoyaona mapango ya Elgon alidhani yamechongwa na watu wa kale waliokuwa wakitafuta madini ya thamani. Hakuwaza ndovu.

Alichokiona sawasawa ni kwamba watu waliishi humo. Babu zetu walilala ndani ya mlima pamoja na ng'ombe na mbuzi wao, na mdomo wa pango ukazibwa kwa magogo, ikabaki nafasi ndogo ya kupita. Fikiria hesabu yake. Kwa ukuta huna gharama, Mungu amekupa mlima mzima. Pande zote mvamizi hawezi kupenya. Amri yote ya usalama wako imebaki kwenye lile tundu moja la mbele, upana wa ng'ombe mmoja. Ukikosea hapo, mlima wote ni bure.

Shangazi alisimuliwa hayo na nyanya yake, na kwenye benchi aliyasimulia upya kwa mama mmoja kutoka Kapchorwa, upande wa Uganda wa mlima uleule. Walielewana bila Kiswahili. Kisabaot na Kisebei ni ndugu wa karibu. Nilisikia wakicheka. Shangazi alikuwa akimweleza kwamba kule pangoni anayefunga mlango ni mtu wa mwisho kuingia. Hapa anayefunga ni mtu wa mwisho kutoka.

Manze, hiyo ndiyo tofauti yote. Pango linakinga walio ndani dhidi ya hatari iliyo nje. Chumba cha mionzi kinakinga walio nje dhidi ya hatari iliyo ndani, na kuna mtu mmoja ambaye tumekubali abaki upande wa hatari kwa sababu hatari hiyo ndiyo dawa yake.

Mashine aliyolalia chini yake ilikuwa ya kobalti. Historia yake ni fupi na inaanzia kwa wanafizikia. Chukua kobalti ya kawaida, ile inayochimbwa Katanga na kuwekwa kwenye betri za simu, iweke ndani ya riakta ipigwe na nyutroni kwa muda mrefu, utapata kobalti-60, ambayo inatoa miale ya gama yenye nguvu sana. Wakanada walikuwa na riakta kule Chalk River. Mwaka 1951, mwezi wa Oktoba, mgonjwa wa kwanza akatibiwa kwa kobalti-60 mjini London, London ya Ontario si ya Uingereza, na wiki chache baadaye kikundi cha Harold Johns kikaanza Saskatoon. Mashine hizo zikasambaa duniani kwa sababu ni sahili: kipande cha metali kinachotosha kiganjani, kimefungwa ndani ya kichwa kizito, kinasogezwa mbele ya tundu kisha kinarudishwa.

Shida ni kwamba hakizimiki. Mashine ya eksirei ukichomoa kwenye stima imekufa. Kobalti-60 haina swichi. Inapungua yenyewe, nusu kila miaka mitano na kidogo, iwe kuna mgonjwa au hakuna, iwe serikali imelipa bili au haijalipa.

Sasa jenga chumba. Konkriti ya kawaida inapunguza miale ya kobalti kwa nusu kila sentimita sita hivi. Nusu ya nusu ya nusu: ukirudia mara kumi umebaki na sehemu moja kati ya elfu, mara ishirini umebaki na moja kati ya milioni. Mara ishirini ni kama mita moja na robo. Ndiyo maana kuta za vyumba hivi huzidi mita moja. Hakuna ujanja hapo. Kokoto, mchanga, simiti, nondo, na fundi asiyeiba simiti.

Halafu unafika mlangoni. Tuseme unataka mlango wa upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.1, unaokinga sawasawa na ukuta. Kwa konkriti utakuwa na unene wa mita moja na robo na uzito wa zaidi ya tani saba. Utasema, basi tutumie risasi, ile metali nzito, si ya bunduki. Risasi inapunguza nusu kila sentimita 1.2, kwa hivyo unene unashuka hadi sentimita 24. Safi. Lakini piga hesabu ya uzito: karibu tani saba tena! Nilipoifanya hesabu hiyo mara ya kwanza nilidhani nimekosea, nikairudia. Kwa miale ya nguvu hii, kinachokinga ni uzito wa vitu vilivyo njiani, si jina lake. Risasi inakuokolea nafasi, haikuokolei mzigo. Na tani saba zinahitaji bawaba, reli, mota, na sakafu isiyozama. Zaidi ya hayo, mlango hauwezi kubana kabisa. Pembeni na chini kuna upenyo, na miale hupita kwenye upenyo, kwa hivyo mlango lazima uwe mpana kuliko tundu lake, uufunike ukuta kila upande. Tani zinaongezeka.

Suluhisho lililopatikana kila mtoto wa shule ya msingi ya Trans Nzoia analijua. Ni choo cha shule. Vile vyoo visivyo na mlango, vyenye ukuta mmoja umesimamishwa mbele, unaingia, unakata kona, uko ndani, na mtu wa nje haoni kitu. Mwanga haukati kona. Wala miale ya gama haikati kona. Kinachoweza kufanya ni kugonga ukuta na kurudi kwa pembe, na ikirudi inakuwa imedhoofika: mwale wa kobalti ukigeuzwa nyuzi tisini unabaki na chini ya theluthi ya nguvu yake, na ni michache sana inayogeuka kuelekea njia yako. Kwa hivyo wajenzi wanaweka ujia wenye kona kati ya mashine na mlango. Kufikia mlangoni kilichobaki kinazuiwa na milimita chache za risasi. Mlango unaweza kusukumwa na nesi. Ubaya wa kona ni kwamba inakula ardhi, na hospitali za mjini hazina ardhi, ndiyo maana nyingine huchagua ule mlango mnene na mota yake. Kama ule wa Shangazi.

Kwenye majengo ya majaribio ya fizikia, na hospitali zenye mashine kubwa za kuharakisha elektroni, kuna mgeni wa ziada: nyutroni. Huyu haheshimu kona. Anagonga, anarudi, anagonga, anarudi, hadi anafika mlangoni kama moshi unaotafuta dirisha. Risasi kwake si kitu. Ukicheza bano unajua kwa nini. Bano likigonga ukuta linarudi na kasi ileile. Likigonga bano lenzake la ukubwa uleule, linasimama na lile lingine linaondoka. Nyutroni ni nyepesi. Kiini cha risasi kwake ni ukuta. Mwenzake wa ukubwa sawa ni haidrojeni. Kwa hivyo ndani ya mlango huo wa heshima, wa chuma na mota ya bei, wanajaza plastiki, maana plastiki imejaa haidrojeni. Wanachanganya boroni inayomeza nyutroni zilizochoka, halafu nyuma yake risasi ya kuzuia gama zinazozaliwa humohumo. Sandwichi. Mlango mzuri wa fizikia ukiukata katikati unafanana na kitu cha kantini.

Lakini unene si shida kubwa kuliko zote. Milango iliyoua watu haikuua kwa sababu ya wembamba.

Februari 1989, San Salvador, kulikuwa na kiwanda kinachotumia kobalti-60 kuua vijidudu kwenye vifaa vya hospitali. Chanzo kilikwama juu badala ya kushuka kwenye kisima chake cha maji. Mlango ulikuwa na mfumo wa kuzuia mtu asiingie wakati chanzo kiko wazi, lakini kwa miaka mfumo ule ulikuwa umechakaa na wafanyakazi walikuwa wamejifunza kuupita ili kazi iendelee. Nchi ilikuwa vitani, vipuri hakuna, wataalamu hawaji. Mfanyakazi mmoja akaingia, kisha akaita wenzake wawili wamsaidie kukikwamua. Mmoja alikufa baada ya miezi kadhaa. Kati ya wawili waliobaki hai, mmoja alipoteza miguu. Ukuta wa jengo lile ulikuwa mzima kabisa.

Miaka kumi na moja kabla yake, Julai 1978, mwanafizikia Anatoli Bugorski aliinamisha kichwa ndani ya mashine ya chembe kule Protvino, Urusi, akidhani imezimwa. Mifumo ya usalama ilikuwa imefeli. Mwale wa protoni ukapita kichwani mwake. Aliishi, akamaliza hata udaktari wake wa falsafa, ila uso upande mmoja ulipooza.

Ndiyo maana mlango wa kweli ni mazungumzo, si kipande cha chuma. Mlango lazima uiambie mashine: niko wazi, nyamaza. Lazima kuwe na kitufe ndani kabisa ya chumba, mbali na mlango, ambacho mtu wa mwisho kutoka hukibonyeza baada ya kutazama kila pembe. Bila hicho mashine inakataa kuwaka. Lazima uweze kufunguliwa kwa mkono stima ikipotea, na huku kwetu stima hupotea. Na lazima kuwe na njia ya kufungua ukiwa ndani. Vitu hivi ni vya bei nafuu ukilinganisha na risasi. Ndivyo vya kwanza kuharibika na vya mwisho kurekebishwa.

Afrika ina darasa lake pia. Mwaka 1959 riakta ya kwanza ya bara hili ilianza kufanya kazi Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwenye Chuo Kikuu cha Lovanium, kwa juhudi za rekta wake, padri na mwanafizikia Luc Gillon. Ubelgiji ilikuwa imewapa Wamarekani urani ya Shinkolobwe, kule Katanga wanakoongea Kiswahili, na sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka humo. Riakta ya wanafunzi ilikuwa kama zawadi ya kurudisha. Ile riakta haikuwa na mlango wa risasi. Ilikaa chini ya kisima cha maji, na maji ndiyo yaliyokuwa ukuta; uliweza kusimama juu ukachungulia. Mionzi ilidhibitiwa vizuri sana. Ila miaka ya 70 fito mbili za fueli ziliondoka kwenye jengo. Moja ilipatikana Italia mwaka 1998, polisi wakiwanasa watu wa mafia wakijaribu kuiuza. Ya pili haijapatikana hadi leo. Mlango unaojua kuzuia miale isitoke haujui chochote kuhusu mtu mwenye funguo.

Na Shinkolobwe yenyewe? Waliifunga kwa konkriti kabla ya uhuru wa 1960. Watu wakaja na sururu wakaufungua mlima kwa mikono, safari hii wakitafuta kobalti, hadi machimbo yalipoporomoka mwaka 2004 na kuua wachimbaji. Njaa nayo hupenya, na haina sentimita za nusu.

Nirudi kwenye benchi, kwa yule mama wa Kapchorwa. Sikuelewa wakati ule kwa nini mtu wa Uganda, mwenye hospitali kubwa ya Mulago upande wake, apande basi, avuke Malaba, apite Bungoma, Webuye, Eldoret, Nakuru, akiwa na ugonjwa ule. Sasa najua. Uganda nzima ilikuwa na mashine moja ya tiba ya mionzi. Moja. Ilikuwa Mulago tangu 1995, na karibu na mwisho wa Machi 2016 ikaharibika kiasi cha kutotengenezeka. Magazeti yakalia kuhusu mashine. Lakini soma vizuri habari za miezi ile: mpango wa mashine mpya, kwa kushirikiana na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ulikuwa tayari upo. Kilichokosekana ni chumba. Hakukuwa na kuta za mita moja na kitu, wala kona, wala mlango, na mashine ya kobalti huwezi kuishusha kwenye lori ukaifunika turubai ukisubiri kandarasi. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ikajitolea kutibu Waganda 400 bure. Mashine mpya, Bhabhatron kutoka India, ilizinduliwa Mulago Januari 2018. Karibu miaka miwili.

Mimi nina kinyongo na jinsi tunavyohesabu vitu. Mwanasiasa wa Kenya au Uganda atakwambia tumenunua mashine ngapi, atakata utepe mbele ya mashine. Sijawahi kuona utepe ukikatwa mbele ya ukuta mtupu wenye kona, unaosubiri mashine. Na ni huo ukuta mtupu unaochukua miaka, vibali, mhandisi anayejua nafasi ya kila bomba la waya, maana hata bomba la waya likipita moja kwa moja ukutani ni mlango. Ukijenga chumba kwanza, mashine inaweza kufika ikakuta mahali pa kulala. Ukinunua mashine kwanza, mama wa Kapchorwa anapanda basi.

Sikujua jina lake. Wiki ya tatu hatukumwona tena. Shangazi aliuliza, wakasema amemaliza awamu yake amerudi nyumbani, na Shangazi akaamini, au alichagua kuamini.

Awamu ya Shangazi ilikuwa mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano. Shule zilipofunguliwa binamu yangu akachukua zamu, lakini siku ya kumi na kitu nilikuwepo bado, na siku hiyo alikataa kuingia. Alisimama kizingitini, mkoba kwapani. Yule mtaalamu, kijana mpole, akamwuliza, "Mama, kuna nini?"

"Nataka kujua. Stima ikienda, natokaje?"

Watu kwenye benchi wakanyamaza. Kijana hakucheka. Akaingia naye ndani, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi niliwaona hadi kwenye pembe. Akamwonyesha kitufe chekundu ukutani. Akamwonyesha mkono wa chuma pembeni mwa mlango, akamwambia auzungushe. Shangazi akaweka mkoba chini, akaushika kwa mikono miwili, akauzungusha. Lile lidude la tani kadhaa likasogea kiasi cha kidole.

Akauzungusha tena, kuhakikisha. Kisha akavua viatu, akaenda kulala kwenye kitanda.